Nilivyoifuta Rhode Island

Sijawahi kufika Marekani. Mpaka pekee wa nchi niliowahi kuvuka kwa miguu yangu ni wa Mutukula, wa kuingia Uganda, tena nilivuka asubuhi nikarudi mchana kwa sababu tumbo lilinikataa. Hata hivyo, uliza pale mjini Bukoba, jirani na soko, ni nani anayejua mipaka ya majimbo ya Marekani kuliko watu wote, utaonyeshwa kibanda changu cha fotokopi na picha za pasipoti. Watakuonyesha huku wakicheka, lakini watakuonyesha.

Jina langu ni Mwijage. Nimezaliwa Kaagya, naishi Buhembe, na ni Mhaya kamili, pamoja na ile kasoro ambayo nchi nzima inatutania nayo. Wanatuita akina nshomile, yaani watu wa "mimi nimesoma," hata kama kusoma kwenyewe kuliishia njiani. Wahaya wenzangu wengi huonewa na utani huo. Mimi sionewi. Nimewahi kubishana na mchungaji ibada ikiendelea, juu ya mto aliouweka upande usio wake katika mahubiri. Nimewahi kubishana na daktari juu ya mahali lilipo ini langu, na daktari alikuwa ameshika picha yake mkononi.

Ugonjwa huu ninaugua pamoja na Lukmani, rafiki yangu wa miaka mingi, anayeuza vipuri vya pikipiki kibanda cha pili kutoka changu. Babu yake alitoka Tanga, akafika Bukoba na biashara ya ngozi, akaoa hapa hapa. Lukmani husali msikitini na mimi kanisani, na juu ya hilo hatujawahi kugombana hata siku moja. Tunagombana juu ya mambo ambayo hayamhusu mtu yeyote kati yetu.

Binti yake, Hafidha, alimwekea kwenye simu mchezo wa maswali na majibu. Jioni moja simu ikauliza: ni mpaka upi kati ya majimbo mawili ya Marekani ulio mfupi kuliko yote? Kabla hatujabonyeza jibu, chaji ikaisha. Hapo ndipo shida zangu zote zilipoanzia.

Lukmani alisema ni mpaka wa Arizona na Colorado. Kuna mahali huko Marekani majimbo manne hukutana kona kwa kona, kama vyumba vinne vinavyogawana nguzo moja ya katikati, na Arizona na Colorado zimeelekeana kimshazari, zinagusana kwenye ncha tu. Urefu wa mpaka wao ni sifuri, alisema, na hakuna kilicho kifupi kuliko sifuri. Mimi nikasema ncha si mpaka. Mpaka lazima uwe na urefu, hata kama ni mfupi. Nikasimama na Rhode Island na New York, ambazo hukutana baharini tu, kipande kidogo cha maji, bila hata sehemu ya kuweka unyayo. Lukmani akaniuliza mpaka wa majini mtu anaulindaje, kwa kutumia samaki?

Hafidha alitusihi tutafute mtandaoni yaishe. Tulitafuta. Lukmani akapata ukurasa uliomuunga mkono, mimi nikapata wangu, na tangu hapo tukawa na silaha. Tulibishana mwezi mzima. Watu wa Bukoba walipiga picha za pasipoti wakiwa wamenuna kwa kusubiri, na nina hakika wengine wamenyimwa viza kwa ajili ya sura zile.

Katikati ya vita hivyo Natha akaja kuniambia anataka kuoa.

Natha, yaani Nathanieli, ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimchukua akiwa bado anavaa kaptula ya shule ya msingi, nikamlea mpaka akawa fundi wa umeme wa jua. Ni kijana mtulivu, na utulivu huo hakuutoa kwangu. Alikuwa amekwenda kufunga paneli kwenye zahanati moja wilayani Muleba, akamkuta muuguzi aitwaye Jovita, na tangu siku hiyo akawa anarudi kila mara kukagua paneli ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Jovita alimkubali. Baba yake Jovita, mzee Rugemalira wa Ijumbi, alikuwa bado, kwa maana kulikuwa na familia nyingine kutoka Mwanza iliyotuma salamu kwa jambo hilohilo. Mzee alikuwa amesema atatusikiliza sisi kwanza, kisha wao.

"Baba mdogo," Natha aliniambia, ameshika kofia yake, "baba niliye naye ni wewe. Utanisemea?"

Nilimwambia nitamsemea. Niliona akimeza mate. Dada yangu Alistidia, ambaye ni shangazi yake Natha na hajawahi kunificha anachokifikiri, alisema wazi kwamba mshenga atafutwe mwingine, hata bubu. Nilikasirika. Nikasema kazi ya mshenga ni maneno, na katika ukoo wetu maneno niko nayo mimi. Alistidia akajibu kwamba hilo ndilo linalomtisha.

Siku ya kwenda Ijumbi tulipanda Noah ya Lukmani: mimi, Natha, Alistidia na Lukmani mwenyewe kwenye usukani. Nyuma tulipakia kreti za soda na kibuyu cha rubisi. Sisi Walutheri wa uamsho tunasema hatunywi pombe ya ndizi, lakini kibuyu lazima kiende, kwa sababu kikifunguliwa na wakwe maana yake mmepokelewa, na kikirudi kimejaa hakuna haja ya kuwaeleza watu kilichotokea.

Njia nzima niliwafundisha. Niliwaambia upande wa mwoaji hauna haki, hauna akili, hauna hata macho. Wenyeji watatuchokoza makusudi, watasema uongo mbele yetu kwa uso mkavu, ili waone kama binti yao anakwenda kwa watu wavumilivu au kwa wagomvi. Wakisema mbuzi anataga, kazi yetu ni kuuliza mayai yake yanapikwaje. "Leo tumekuja kushindwa," niliwaambia. "Atakayeshinda chochote leo, atajibu kwangu." Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu.

Mzee Rugemalira alitupokea vizuri. Ni mtu mrefu wa miaka sabini na ushee, mwenye sauti ya besi iliyoimba kwaya maisha yake yote. Kwa desturi alipaswa kuweka msemaji wake, lakini ilionekana si mtu wa kuwaachia wengine maneno. Sikuliona hilo kama onyo. Mkewe, mama Verdiana, alituletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukachukua punje moja moja kwa adabu. Wazee wa jirani walikuwa wamejaa kwenye viti na mikeka. Natha alikaa mwisho kabisa, magoti yamebanana.

"Nyegera waitu," mzee akatukaribisha kwa salamu ya heshima ya Kihaya. "Nasikia mmetoka mjini. Watu wa mjini mnajua mengi. Kabla hatujasikia kilichowaleta, nina swali moja. Nilikwenda Marekani zamani na kwaya ya kanisa, wakatuzungusha kwa basi majimbo mengi. Hebu niambieni, mpaka mfupi kuliko yote kati ya majimbo mawili ya kule ni upi?"

Kati ya maswali yote aliyoyaumba Mungu! Alistidia alinitazama kwa jicho ambalo ninalijua tangu tukiwa watoto. Lakini naomba iandikwe kwa heshima yangu kwamba nilianza vizuri. Niliinamisha kichwa nikasema, "Hatujui, waitu. Tufundishe."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mama Verdiana akatabasamu. Ningefia hapo hapo, ningezikwa kama mshenga bora wa mkoa wa Kagera.

"Ni Arizona na Colorado," mzee akasema. "Nilipiga magoti pale mimi mwenyewe. Goti hili Arizona, goti hili New Mexico, mkono huu Utah, huu Colorado. Mpaka wao ni ncha tu. Sifuri."

Niliweza kumeza hata hilo. Nakuapia, lilikuwa limeshafika kooni linashuka. Kisha Lukmani, rafiki yangu, mtu wa msafara wangu mwenyewe, akanisukuma kwa kiwiko na kusema kwa sauti iliyosikika nyumba nzima, "Umesikia? Si nilikwambia?"

"Ncha si mpaka," nikasema.

Sijui nani alisema. Nilipogeuka kumtafuta, watu wote walikuwa wananitazama mimi.

"Unasemaje?" mzee akauliza taratibu.

Hapo palikuwa bado na mlango. Mtu mwenye akili angesema amekohoa. Mimi nikasogea mbele kwenye kiti. "Nasema, waitu, kwa heshima zote, ncha haina urefu, na kisicho na urefu si mpaka. Jibu ni Rhode Island na New York. Wanapakana baharini."

"Baharini!" Mzee akapiga paja. "Na mlamula utaupanda wapi baharini?"

Kwetu Uhayani kibanja hupakana na kibanja kwa milamula, ile mimea ya majani marefu ambayo ukiing'oa umetangaza vita. Kwa hiyo swali la mzee lilikuwa zito, na wazee wakacheka kwa kumuunga mkono. Kicheko hicho kilinichoma. Nikamjibu kwamba kwa hesabu yake Arizona na Colorado wana mlamula mmoja tu, na mlamula mmoja ni mti, haujawa mpaka.

Basi nyumba ikawaka. Mzee mmoja akasema yeye ana kona kama hiyo huko kwake, vibanja vinne vinakutana kwenye mlamula mmoja, na jirani wa mshazari huitwa kushuhudia ardhi inapouzwa, kwa hiyo ni mpaka. Mwingine akasema haitwi, huja mwenyewe kwa kupenda supu ya bure. Kaka yake mzee Rugemalira, wa tumbo moja, akasema kwa maoni yake mgeni ana hoja. Nikapata wafuasi, na hapo ndipo nilipopotea kabisa, kwa sababu nilianza kushinda.

Nilishuka kwenye mkeka. Nilipanga punje za kahawa kuonyesha majimbo. Niliazima kofia ya mzee mmoja iwe Bahari ya Atlantiki. Nilitoa jasho. Mwishowe nikamwelekea baba wa binti tuliyekuja kumwomba, nikamnyooshea kidole, nikamuuliza, "Kitu chenye urefu wa sifuri, mzee, kipo au hakipo?"

Mzee Rugemalira akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Mmeona?" nikasema.

Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kufurahi naye. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Lukmani alikuwa anasoma dari. Alistidia alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Natha alikuwa ameinama, anafuta viganja vyake kwenye suruali yake mpya, na anaendelea kuvifuta.

"Chakula kimepoa," mama Verdiana akasema, akiwa amesimama mlangoni.

Mzee Rugemalira akainuka. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tumewaona, waitu," akasema. "Mna akili nyingi sana. Binti yetu hana akili nyingi kiasi hicho, asije akawachosha. Chukueni kibuyu chenu. Asanteni kwa kututembelea."

Kibuyu kilirudi kimejaa. Alistidia alikipakata, kwa sababu sehemu nyingine kingemwagika, na kila tulipopunguza mwendo watu waliokuwa kando ya barabara walikiona kupitia dirishani. Pale Kemondo mama mmoja aliyekuwa anauza samaki alitutazama, akakitazama kibuyu, akatikisa kichwa, akatuambia pole. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

"Umeshinda, baba mdogo," Natha akasema tulipokaribia mjini. Hakulisema kwa ubaya. Angenitukana, ningebishana naye.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa aibu. Naisema hivyo hivyo: niliona aibu mpaka chakula kikanikinai. Natha aliendelea kuja nyumbani, akanisalimia, akatengeneza taa ya uani iliyokuwa imekufa, lakini hakukaa. Mke wangu alinipakulia bila kunisemesha. Usiku nilijiuliza nimepata nini, na jibu lilikuwa kwamba nimepata Rhode Island. Jimbo ambalo sitalifikia milele, ambalo halinijui, na ambalo kwa udogo wake hata Wamarekani wenyewe hulipita bila kuliona. Nilikuwa nimelibadilisha na mke wa mtoto wangu.

Aliyetuokoa ni Alistidia. Alimpigia simu mama Verdiana, wakaongea Kihaya cha wanawake kwa muda mrefu, kicheko kingine kikinihusu mimi bila shaka. Alipomaliza akasema tumepewa nafasi moja, Jumamosi, kabla ya wale wa Mwanza kufika. "Lakini wana sharti," akasema. "Mshenga awe yule yule."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wanataka kuona kama unapona."

Akanianzishia mazoezi. Kila jioni alikuja Buhembe, akakaa mbele yangu kwenye kigoda, akanisemea uongo, na mimi nilitakiwa kujibu "Ndivyo, waitu" bila kukunja uso.

"Jua linatoka Karagwe."

"Ndivyo, waitu." Karagwe iko magharibi yetu, lakini nilitamka.

"Senene si panzi, ni samaki."

"Ndivyo, waitu."

"Wewe ulikuwa wa mwisho darasani."

Hilo lilichukua muda. "Ndivyo, waitu."

"Ziwa letu ni dogo kuliko Ziwa Tanganyika."

"Kwa eneo au kwa ujazo wa maji?" nikauliza, na nilikuwa nimeshasimama.

Alistidia akachukua mkoba wake akaondoka. Kesho yake akarudi, tukaanza upya kwenye jua la Karagwe. Lukmani naye alikuja kunipa pole, akajitolea kutuendesha tena. Nikamwambia atakuja kwa sharti moja, kwamba mdomo wake uwe na kahawa za kutafuna muda wote tutakaokuwa kwa wakwe. Alikubali. Kwa haki, na yeye aliumia. Alimpenda Natha, na alijua kiwiko kilikuwa cha kwake.

Jumamosi tukafika Ijumbi tena, na kibuyu kingine, na soda nyingine. Viti vilikuwa vile vile na wazee wale wale, ila safari hii walikuwa wengi zaidi, kwa sababu habari ya mshenga wa Rhode Island ilikuwa imeshatembea vijiji vyote vya jirani. Wengine walikuwa wamesimama madirishani. Niliwasalimu kwa kuinama sana. Natha alikaa mahali pake pa mwisho, na sikuthubutu kumtazama.

Nilikuwa nimejiandaa kukiri Arizona na Colorado. Nilikuwa nimeyasema majina hayo mawili njia nzima, taratibu, kama mtu anayejizoesha kunywa dawa chungu. Lakini mzee Rugemalira hakuniuliza Arizona.

"Mwijage," akasema kwa ile besi yake, "ile Rhode Island uliyotuambia, nimeitafuta. Nimeuliza vijana, nimeuliza watu niliosafiri nao. Haipo."

Lukmani akaacha kutafuna.

"Hakuna jimbo la namna hiyo Marekani," mzee akaendelea. "Sasa sisi tunajiuliza. Je, ulikosea jina, au ulitunga?"

Sikuwa nimefanyia mazoezi kitu kama hicho. Kukubali kwamba nimeshindwa ni jambo moja. Hapa nilikuwa natakiwa kulifuta jimbo zima, na watu wake, na bendera yake, na gavana wake aliyekuwa huko ofisini kwake bila kujua kwamba Ijumbi wanamjadili. Kila kitu kilichomo ndani yangu kilisimama. Hoja zilikuja zenyewe zikapanga foleni mdomoni: ramani, historia, mwaka wa kujiunga na muungano wao. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na safari hii ilikuwa na chaji.

Hapo nikamtazama Natha. Alikuwa ameshajiandaa. Alikuwa amekaa wima, uso umetulia, na kwa kumtazama tu nilijua kwamba njia nzima kutoka Bukoba alikuwa anajizoesha kumpoteza Jovita bila kunilaumu. Hilo sikuliweza. Nilimlea kijana huyu, nikamfundisha kusoma, nikamfundisha kuendesha baiskeli, na kumbe nilikuwa nimemfundisha na kunivumilia mimi.

"Nilitunga, waitu," nikasema.

"Ulitunga jimbo?"

"Nilitunga jimbo."

"Kwa nini?"

"Kwa kujiona," nikasema, na hilo halikuwa igizo. "Sisi hatujui mambo ya Marekani, waitu. Tumekuja kuomba mke."

Mzee alinitazama usoni. Kisha akamgeukia mkewe. Mama Verdiana akaingia ndani, akatoka na Jovita, ambaye sikuwa nimewahi kumwona karibu: msichana mwembamba, mwenye macho ya mtu anayejua kuchoma sindano bila kuomba ruhusa. Wakamuuliza, kama inavyoulizwa, kama anawafahamu wageni hawa.

"Huyu namfahamu," akasema akimwonyesha Natha. Halafu akanielekea mimi. "Huyu nilisikia ana maneno mengi. Labda walinidanganya."

Watu wakacheka mpaka madirishani. Wakamuuliza kama vya wageni vipokelewe, akasema vipokelewe, na kibuyu kikafunguliwa. Alistidia akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Muleba mjini. Hata mimi Mlutheri wa uamsho nilipewa rubisi nikaonja, na sikubishana na aliyenipa. Natha alikuja kupiga magoti mbele yangu kunishukuru, nikamwambia ainuke, kwa sababu niliona nitalia na mshenga halii.

Tulikula, wakapanga siku ya kuleta mahari, na jua lilipoanza kulegea tukaaga. Mzee Rugemalira alinisindikiza kwenda kwenye gari, mimi na yeye nyuma ya wengine, ameshika mkono wangu kama tunavyoshikana wakwe. Kuku wake wakubwa wekundu walikuwa wakizunguka uani, wamenona, wanang'aa. Kila mfugaji wa mkoa huu anawajua kuku wale. Asili yao ni Rhode Island, na wanaitwa hivyo hivyo, Rhode Island, kwenye mabanda na kwenye mifuko ya chakula chao. Mzee alikuwa nao zaidi ya arobaini.

Akasimama. Akawatazama kuku, kisha akanitazama mimi, na kwenye pembe za macho yake nikaona kwamba alikuwa anajua, na alikuwa anajua tangu siku ya kwanza.

"Mkwe," akasema kwa sauti ya chini. "Tuko wawili tu, hakuna anayetusikia. Hawa kuku wangu wekundu, unajua wanaitwaje?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunipa nafasi nzuri kama ile, tena kwa kupenda mwenyewe. Mbele yetu Natha alikuwa amesimama na Jovita kando ya gari, hawasemi kitu, wanatazamana tu na kucheka.

"Wanaitwa kuku, waitu," nikamjibu.

Mzee akaubana mkono wangu, na hakuuachia mpaka tulipofika garini.